Ubao Mama kwa Seva ya Nyumbani Kisangani: Kipimo cha Kwanza ni Umeme

Watu wenye mafaili mengi wameongezeka Kisangani. Kuna mhadhiri mwenye tasnifu za wanafunzi wa miaka mingi, mpiga picha wa harusi wa komuni ya Makiso mwenye video zinazojaza diski kila msimu, mwanamuziki mwenye rekodi zake, na mtafiti wa misitu aliyerudi na maelfu ya picha kutoka porini. Wote hufika kwenye wazo moja: kujenga seva ndogo nyumbani, mashine inayokaa kimya kona ya chumba ikihifadhi kila kitu na kukigawa kwa kompyuta na simu za nyumba nzima. Wakishafika hapo hukwama kwenye swali moja: ninunue ubao mama gani?

Majibu yanagongana. Mmoja huambiwa kwamba bila kumbukumbu ya ECC anacheza kamari na data yake. Mwingine huambiwa kompyuta kuukuu ya ofisi inatosha na kubaki. Wa tatu ameona video ya ubao mdogo kutoka China wenye matundu sita ya diski, na wa nne anashikilia Raspberry Pi kwa sababu inakula umeme kidogo. Hakuna jibu la uongo kati ya hayo manne. Mkanganyiko unatoka kwingine: sehemu kubwa ya ushauri huu imetolewa na watu ambao umeme wao haukatiki, na ambao kipuri wakikiagiza leo kinafika keshokutwa. Ondoa masharti hayo mawili, na mpangilio wa vipaumbele unageuka juu chini.

Uchambuzi huu unaipima misimamo hiyo minne kwa mizani ya Kisangani. Hoja yake ni kwamba ubao unaofaa hapa ni ule unaokula wati chache, unaojiwasha wenyewe umeme ukirudi, na ambao siku ukifa data haifi nao.

Kwa nini nyumbani, si kwenye wingu

Anayeishi penye intaneti ya kasi anaweza kuuliza seva ya nini wakati kuna huduma za kuhifadhi mtandaoni. Hesabu inajibu. Terabaiti 1 ikipandishwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, bila kukatika hata dakika moja, huchukua siku 18 na nusu. Wengi Kisangani hutumia intaneti ya simu na hulipia kila gigabaiti. Wingu linafaa kwa mafaili machache yenye thamani kubwa, kama vile tasnifu, mikataba na hesabu za biashara. Kwa video na picha za miaka kumi, mfuko hautoshi, wala subira.

Uzito wa data ya jiji hili si wa familia tu. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina watafiti wa bayoanuwai, na takribani kilomita 100 kuelekea mto unakoteremka kuna Yangambi, yenye hifadhi ya mimea mikavu ipatayo sampuli 150,000. Picha za sampuli, sauti za ndege, kamera zinazotegwa msituni: kazi hizi huzaa data isiyoweza kukusanywa mara ya pili, na mara nyingi nakala yake ya kwanza hulala nyumbani kwa mtafiti kabla ya kufika taasisini.

Mazingira yanayoamua

Umeme wa jiji hutegemea kituo cha maporomoko ya mto Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950. Kina mitambo mitatu, na hata yote ikizunguka uwezo wake haufiki megawati 20, kwa jiji lenye zaidi ya watu milioni moja. Mtambo mmoja ukisimama, mitaa hugawiwa umeme kwa zamu. Kwa mwenye seva, hasara ya kwanza ni saa za giza, lakini iliyo mbaya zaidi ni namna umeme unavyoondoka na kurudi: hukatika faili likiwa katikati ya kuandikwa, kisha hurudi ukiwa umeruka juu au umelegea chini ya volti 220.

Hewa nayo ina sehemu yake. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Joto si kali, wastani wake ni kama nyuzi 25, lakini unyevu ni mwingi na radi ni za mara kwa mara. Radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Huingia pia kwa kebo ya mtandao iliyotandazwa kati ya nyumba mbili na kwa waya wa antena. Mlango wa mtandao ulioungua ni mojawapo ya vifo vya kawaida vya ubao mama mahali pa radi.

Jambo la tatu ni usafiri. Bidhaa za kompyuta hufika kwa njia tatu: kwa mto kutoka Kinshasa, safari ya takribani kilomita 1,700, kwa ndege hadi Bangboka, au kwa barabara ya taifa namba 4 inayopita Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda kutoka upande wa Beni na Uganda, ambako mvua na ukosefu wa usalama huweza kusimamisha malori kwa muda mrefu. Kipuri kisichopatikana mjini ni kipuri cha kusubiriwa wiki au miezi. Kwa hiyo swali la mnunuzi haliishii kwenye ubora wa ubao. Inabidi aulize pia: ukiharibika mwezi wa sita, nitauweka upi mahali pake?

Ubao mama unafanya nini, na haufanyi nini

Katika seva ya hifadhi, ubao mama una kazi nne. Huzipa diski matundu ya kuchomekwa, hubeba kichakataji na kumbukumbu ya RAM, huunganisha mashine na mtandao, na huamua mashine itafanya nini umeme ukirudi. Kazi ya kulinda data yenyewe si yake, au haipaswi kuwa yake.

Hapo ndipo kosa kubwa la wanunuzi lilipo. Bao nyingi zina chaguo la kuunganisha diski mbili au zaidi ziwe kitu kimoja (RAID) kupitia mipangilio ya BIOS. Linavutia kwa sababu ni rahisi. Lakini mpangilio huo huandikwa kwa lugha ya chipu ya ubao ule. Ubao ukifa, mara nyingi unalazimika kutafuta mwingine wa ukoo uleule ili diski zisomeke bila taabu. Mfumo wa programu hauna kifungo hicho. ZFS, iliyozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa wazi mwaka 2005, huandika maelezo yote ya muungano kwenye diski zenyewe. Hali kadhalika mdadm ya Linux. Diski hizo ukizihamishia kompyuta nyingine yoyote yenye matundu ya kutosha na programu ileile, hutambuliwa hata kama ubao mpya ni wa kampuni tofauti na kichakataji tofauti.

Kuna pia hofu ya kumbukumbu. Wengi wamesikia kwamba kila terabaiti 1 ya diski hudai gigabaiti 1 ya RAM, wakaacha mradi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa mashine za ofisi zenye watumiaji wengi. Nyumbani, gigabaiti 8 zinaendesha TrueNAS, mfumo wa seva za hifadhi, na mwenzake OpenMediaVault huridhika na chini ya hapo. Panapohitajika kumbukumbu nyingi kweli ni pale mtu anapowasha kipengele cha kuondoa mafaili yanayojirudia, ambacho nyumbani hakina faida ya kulipia gharama yake.

Msimamo wa kwanza: ubao wa seva halisi

Wanaoshikilia msimamo huu husema hifadhi ni jambo la uaminifu, na uaminifu huanzia kwenye kumbukumbu. Biti moja ikigeuka ndani ya RAM, faili huharibika kabla halijafika kwenye diski, na hakuna programu itakayojua. Kumbukumbu ya ECC hugundua kosa hilo na kulirekebisha. Hoja ina ushahidi: utafiti uliofanywa kwenye mashine za Google na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kila mwaka takribani asilimia 8 ya vijiti vya kumbukumbu hupatwa na kosa angalau moja. Bao za aina hii, kama za Supermicro zenye vichakataji vya Xeon E3, huwa pia na matundu sita au nane ya SATA, milango ya mtandao ya Intel, na kompyuta ndogo ya ndani inayokuruhusu kuisimamia mashine ukiwa mbali.

Udhaifu wake ni wa aina tatu. Kwanza ni wati. Ile kompyuta ndogo ya usimamizi hula wati kadhaa hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya umechomekwa. Nyumbani faida yake ni ndogo, maana mwenye mashine hutembea hatua kumi akaifikia. Pili ni mtego wa kumbukumbu. Sokoni kuna vijiti vya ECC vya bei nafuu vilivyotolewa kwenye seva kubwa, lakini vingi ni vya aina yenye rejista na havifanyi kazi kwenye bao ndogo zinazodai ECC isiyo na rejista. Mnunuzi huletewa kijiti sahihi kwa jina, kisichowasha mashine. Tatu, jina la seva si kinga ya kifo. Mwaka 2017 iligundulika kwamba vichakataji vya Intel Atom C2000 vilikuwa na hitilafu iliyovifanya vife baada ya miaka michache ya kazi, na miongoni mwa waathirika ulikuwamo ubao wa ASRock C2750D4I, uliokuwa kipenzi cha wajenzi wa seva za nyumbani kwa sababu ya matundu yake 12 ya diski.

Dai kwamba ZFS ni hatari bila ECC nalo limetiwa chumvi. Matthew Ahrens, mmoja wa waasisi wa ZFS, ameeleza kwamba ZFS haihitaji ECC kuliko mfumo mwingine wowote wa mafaili. Anayeipenda data yake atumie ECC, na juu yake atumie mfumo unaohakiki data. Maana yake ECC ni nyongeza njema, si sharti la kuingilia.

Njia za kati zipo. Intel kwa miaka mingi iliifungia ECC kwenye Xeon na baadhi ya Core i3. AMD haikuifunga kwenye Ryzen nyingi za mezani, ingawa lazima mtengenezaji wa ubao awe ameiruhusu, na Ryzen za soketi ya AM4 zenye picha za ndani huhitaji kuwa za daraja la PRO. Kwa anayeagiza kutoka mbali, haya ni mambo ya kusoma kwenye karatasi ya ubao kabla ya kulipa. Neno la muuzaji halitoshi.

Msimamo wa pili: kompyuta ya ofisi ya mtumba

Msimamo huu hauuzi ubao peke yake. Unauza mashine nzima: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Nguvu yake iko kwenye wingi. Ofisi, shule na mashirika ya jiji yanazitumia, mafundi wanazijua kwa ndani, na ikifa moja, ya pili inayofanana nayo haihitaji kuvuka msitu wa Ituri kukufikia. Kwa seva inayotumia mfumo wa programu, hilo ni jambo zito: unatoa diski, unazichomeka kwenye mashine nyingine ya mtumba, na jioni ileile mafaili yanafunguka. Zile za kizazi cha nne cha Intel Core na kuendelea, zikiwa zimetulia bila diski nyingi, kwa kawaida hula kati ya wati 15 na 30.

Kasoro yake ya kwanza ni umbo. Kampuni hizi hupenda kutengeneza bao zenye maumbo na viunganishi vyake. Kwenye OptiPlex na EliteDesk nyingi, kiunganishi cha umeme si kile cha kawaida cha pini 24, kwa hiyo kisanduku cha umeme kikiungua hukibadilishi na cha duka lolote bila adapta. Pili, makasha madogo hayana nafasi ya zaidi ya diski moja au mbili kubwa, hata kama ubao una matundu matatu au manne. Tatu ni umri. Vumbi, feni iliyochoka na kapasita zilizovimba ni mambo ya kukagua kwa macho kabla ya kununua. Kapasita zenye majimaji ndani huzeeka haraka zaidi kwenye joto, kwa kanuni ya kwamba kila nyuzi 10 zinazopungua huongeza umri wake karibu maradufu. Zile ngumu za polima hustahimili zaidi, na ubao wenye hizo pekee ni wa kupendelewa.

Msimamo wa tatu: ubao mpya wa wati chache

Mapema mwaka 2023 Intel ilitoa kichakataji cha N100, chenye viini vinne na kiwango cha wati 6. Viwanda vya China vikakigandisha kwenye bao ndogo zenye matundu sita ya SATA na milango minne ya mtandao ya gigabiti 2.5, na kelele za sifa zikaanza. Sifa hizo si za bure. Kwa kazi ya nyumbani, nguvu yake inatosha kugawa mafaili, kuonyesha filamu na kuhifadhi nakala, na mashine nzima bila diski inaweza kukaa karibu na wati 10.

Mipaka yake imo ndani ya chipu. Ina njia 9 tu za PCIe, chaneli moja ya kumbukumbu, na haiungi mkono vijiti vya ECC. Mengi ya matundu yale sita ya SATA hayatoki kwake. Hutoka kwa chipu ya pembeni, kama JMB585 au ASM1166, ambayo huenda imepewa njia moja au mbili tu. Njia moja ya PCIe ya kizazi cha tatu hubeba karibu megabaiti 985 kwa sekunde, ambazo zikigawanywa kwa diski sita hubaki kama 160 kwa kila moja. Nyumbani hilo halisumbui, maana mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takribani megabaiti 115 tu. Kinachosumbua ni kwamba viwanda vingi vidogo havitoi maboresho ya BIOS, na kichakataji kimeunganishwa kabisa na ubao: kimoja kikifa, vyote vimekufa, na cha kubadilisha hakipo mjini.

Ndani ya kundi hili kuna tawi linaloihusu Kisangani moja kwa moja: bao zinazopokea umeme wa DC bila kisanduku cha kawaida. ASRock N100DC-ITX hulishwa kwa volti 19, kama kompyuta mpakato, na ina matundu mawili ya SATA. ODROID-H4 Plus ya Hardkernel, iliyotoka mwaka 2024, hupokea volti 14 hadi 20 na ina matundu manne, pamoja na namna ya ECC inayotenga sehemu ya kumbukumbu ya kawaida kwa ajili ya kuhakiki. Mashine kama hizi zinaweza kuunganishwa na betri ya sola kupitia kigeuzi kidogo cha volti, bila kupitia inveta inayogeuza DC kuwa AC ili adapta iigeuze tena kuwa DC. Kila geuzi kati ya hayo hula sehemu ya umeme.

Msimamo wa nne: Raspberry Pi, na laptopu iliyostaafu

Raspberry Pi inapendwa kwa wati zake chache, hasa na vijana wanaojifunza. Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, imeongeza njia moja ya PCIe, hivyo inaweza kupata matundu ya SATA kupitia kadi ya juu. Lakini inataka volti 5 kwa ampea 5, kiasi ambacho chaja za simu hazitoi, na wengi huiwasha kwa kadi ya kumbukumbu ambayo umeme ukikatika vibaya huharibika. Kiwango cha chini cha usalama ni kuiwasha kutoka SSD. Diski zilizoning'inia kwa USB nazo hupotea na kurudi pindi umeme unapolegea, na mfumo wa muungano hulihesabu tukio hilo kama diski iliyokufa.

Laptopu ya zamani ni mpinzani ambaye hatajwi inavyostahili. Iliyovunjika kioo haina bei, lakini ubao wake una kitu ambacho hakuna ubao wa mezani ulicho nacho: betri yake mwenyewe. Diski ndogo za inchi 2.5 zikilishwa na USB ya laptopu hiyohiyo, umeme ukikatika hakuna kinachozimika, na mfumo unaweza kuamriwa ujifunge vizuri betri ikishuka. Kasoro zake ni USB yenyewe, uchache wa diski, na betri iliyozeeka. Diski kubwa zenye adapta zake za ukutani hazipati msaada huo; zitazimika laptopu ikiwa bado macho.

Mizani: wati, matundu, vipuri

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hapa jembe linalochaguliwa kupita kiasi ni idadi ya matundu. Kila diski ya inchi 3.5 inayozunguka hula takribani wati 5 hadi 8. Diski sita ni wati 36 kwa makadirio ya wati 6 kila moja, kabla ubao haujaongeza zake. Zinapoanza kuzunguka, kila moja inaweza kuvuta karibu ampea 2 za volti 12, yaani wati 24. Sita kwa pamoja ni kama wati 144 kwa sekunde chache. Inveta ndogo au adapta dhaifu huangushwa na mruko huo. Diski mbili kubwa zinazoakisiana hutoa usalama kwa umeme mdogo, na kwazo matundu mawili yanatosha.

Diski mbili zinazoakisiana zina faida nyingine penye kukatika kwa umeme. Muungano wa RAID 5 wa kawaida, umeme ukikatika katikati ya kuandika, unaweza kubaki na hesabu ya usawa isiyolingana na data, na kosa hilo likajulikana tu siku diski moja inapokufa. Wakati wa kununua diski hizo, uliza kama ni za aina ya SMR, ambayo huandika njia za data zikilaliana. Diski za SMR hupoteza kasi vibaya sana wakati wa kujenga upya muungano, na mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilizouzwa kwa seva za nyumbani zilikuwa za aina hiyo.

Sasa hesabu ya betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa afya yake hutumika nusu, yaani 600. Inveta ikila asilimia 15, hubaki 510. Seva ya wati 80, kama ubao wa seva wenye diski nne, itadumu saa 6 na kidogo. Ya wati 40, kama OptiPlex yenye diski mbili, karibu saa 13. Ya wati 20, kama ubao wa DC wenye diski mbili zinazolala zisipotumika, saa 25 hata kwa inveta, na zaidi ikilishwa moja kwa moja. Tofauti kati ya saa 6 na saa 25 ni tofauti kati ya seva inayovuka usiku wa giza na seva inayoanguka kabla ya alfajiri. ECC haiwezi kuliziba pengo hilo.

Vipuri huvuta mizani upande mwingine. Ubao wa DC ni bora kwa betri lakini hauna mwenzake mjini. Kompyuta ya mtumba inakula zaidi lakini ina wenzake mtaani. Dawa ni kutenganisha maswali mawili: leo mashine iwe ipi, na kesho ikifa diski zitasomwa wapi. Anayetumia ZFS au mdadm anaweza kujenga kwa ubao wa DC wa wati chache, huku akijua kwamba OptiPlex yoyote ya jirani ni kipuri chake cha dharura. Anayetegemea RAID ya BIOS hana uhuru huo.

Yabaki mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye tangazo la ubao. La kwanza ni mpangilio wa BIOS unaoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi. Usipokuwapo, seva hubaki imezimwa hadi mtu aje kuibonyeza. La pili ni betri ya CR2032 inayotunza mpangilio huo na saa. Mashine inayokosa umeme mara kwa mara huimaliza mapema, na ikiisha, ile amri ya kujiwasha inaweza kupotea pamoja na tarehe. La tatu ni mlango wa mtandao: wa Intel na wa Realtek wote hufanya kazi vizuri kwenye Linux ya kisasa, lakini anayetaka mfumo wa FreeBSD apendelee Intel.

Nani achague nini

Kwa familia au mhadhiri mwenye terabaiti chache, kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye diski mbili zinazoakisiana ni chaguo la akili, ikiwa kuna betri ya kuishika hadi ijizime vizuri. Asiye na uwezo huo aanze na laptopu yake ya zamani na diski mbili za USB, badala ya kungoja ubao usiojulikana utafika lini.

Kwa studio ya video au muziki iliyo tayari kwenye sola, ubao wa N100 au ODROID unaopokea DC unastahili gharama ya kuuagiza, kwa sharti kwamba diski ziungane kwa programu. Matundu manne yanatosha. Sita ni ya kukaribisha diski ambazo betri haitazibeba.

Kwa mtafiti au taasisi yenye data isiyoweza kukusanywa tena, ECC ina uzito, maana kosa la kimya huweza kuingia kwenye jedwali la vipimo na kukaa humo miaka bila kuonekana. Lakini ubao wa seva unafaa tu pale umeme wake umeshatatuliwa na kuna mtu wa kuutunza.

Muhtasari

Msimamo wa ECC ni sahihi kuhusu hatari ya makosa ya kimya, lakini haufai kuwa sharti la kwanza mahali ambapo mashine huzimwa ghafla mara nyingi. Msimamo wa mtumba ni sahihi kuhusu vipuri, na unashindwa kwenye wati na umri. Msimamo wa ubao mpya ni sahihi kuhusu wati, na unashindwa kwenye ubadilishaji. Raspberry Pi na laptopu ni mwanzo mzuri usiopaswa kubebeshwa mzigo mkubwa.

Kwa hiyo mpangilio wa kutumia pesa Kisangani ni huu. Kwanza diski mbili nzuri, na ya tatu yenye nakala inayokaa nyumba nyingine, tuseme Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, kwa mwenye kuishi Makiso, kwa kuwa kuakisi hakulindi dhidi ya moto, mwizi wala mkono uliofuta kimakosa. Pili betri, kinga ya mruko wa umeme na kinga ya radi. Tatu mfumo wa programu usiofungamana na ubao. Ubao mama huja wa nne, na ukifika hapo uchaguzi wake umekuwa mwepesi: chukua wenye wati chache ambazo betri yako inaweza kuzibeba usiku mzima, unaojiwasha wenyewe, na usiodai kuwa mlinzi pekee wa mafaili yako.